Kirusi ambacho kila mtoto anacho: shajara ya kipimo chetu cha EBV

Wiki ya 1, Jumatatu

Daftari jipya. La zamani lilirowa maji ya friza siku umeme ulipokatika na jenereta ikagoma. Naandika lengo hapa juu ili nikipotea njiani nikumbuke nilikuwa naelekea wapi: maabara yetu, hapa kando ya Ziwa Viktoria, iweze kupima kiasi cha DNA ya kirusi cha Epstein-Barr, yaani EBV, katika plazima (maji ya damu bila chembe zake) ya mtoto aliyeletwa na uvimbe wa taya au wa tumbo, na majibu yatoke siku hiyohiyo au kesho yake. Siyo baada ya wiki tatu.

Sitii chumvi ninaposema wiki tatu. Kipande cha uvimbe kinakatwa, kinalazwa kwenye fomalini, kinangoja zamu ya kukatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi, kisha kinangoja daktari wa kukisoma kwenye hadubini. Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayoendana na kirusi hiki, haingoji. Ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kuliko zote. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto anaingia wodini na jino linalotikisika, na kabla majibu hayajarudi hawezi tena kufunga mdomo. Dawa ipo. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kuwa uvimbe huu huyeyuka kwa saiklofosfamidi upesi kiasi cha kushangaza. Kinachochelewa ni jina la ugonjwa.

Aliyeanzisha yote haya ni daktari wa watoto. Alisimama mlangoni kwetu na koti lake, akasema: "Kaka, mashine ya PCR mnayo. Kirusi chenyewe kinajulikana. Sasa mnashindwaje kunipimia?" Nikamwambia hatushindwi, kukipata ni kazi ndogo. Nilikuwa nazungumza kwa kujiamini kuliko ilivyopasa.

Jumatano

Kijana wetu wa shahada ya uzamili amefika na begi kubwa kuliko yeye. Nimemketisha mbele ya ubao nimpe ukoo mzima wa virusi vya herpes, maana anayeijua EBV peke yake hajui kitu.

Hapa kwetu karibu kila mtu ameshakutana na ndugu wa ukoo huu bila kujua kwamba ni ndugu. Tetekuwanga ya utotoni na mkanda wa jeshi wa utu uzima ni kirusi kimoja, VZV, kilicholala miongo kadhaa kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo. Malengelenge ya mdomoni yanayotoka baada ya homa kali ni HSV-1. Ndugu yake HSV-2 hupenda sehemu za siri. CMV mtu mzima mwenye afya hata hajui kama anacho, lakini kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni na mgonjwa aliyepandikizwa figo. HHV-6 na HHV-7 huwapa watoto wachanga homa na vipele. Na kile cha mwisho kupatikana, HHV-8, Yuan Chang na Patrick Moore walikitambua mwaka 1994 katika saratani ya Kaposi. Vipo vinane, au tisa tangu 6A na 6B vilipotenganishwa rasmi mwaka 2012.

Kijana akauliza: "Kumbe vinafanana nini, mwalimu?" Nikamchorea ganda la pembe nyingi lenye vijumba 162, ndani yake DNA ya nyuzi mbili, nje utando laini. Ila mfanano mkubwa ni tabia. Jina lenyewe la herpes limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kutambaa. Ukishavikaribisha havihami. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni hata ukimpa jembe atalima, atakula, na atalala palepale.

EBV kinalala ndani ya chembe B za kumbukumbu za kinga. Kwa mtu mwenye afya, chembe zilizokibeba ni kati ya 1 na 50 katika kila chembe B milioni moja. Kikiwa humo hufunga karibu jeni zake zote kinga isikione. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na watoto wengi wa Afrika hukipata kabla ya miaka mitatu, kwa mate.

Alipomaliza kunakili akanyamaza kidogo, kisha: "Kama kila mtoto anacho, tutampimia daktari kitu gani?"

Nimeliandika swali lake hapa kwa wino mwekundu.

Ijumaa

Umeme hakuna tangu saa nne asubuhi. Tumekaa barazani tunapiga soga, na soga za watu wa maabara ni maabara tena.

Fundi wetu mkuu, ambaye sisi sote tunamwita Mzee ingawa hajastaafu, alitusimulia habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyechapisha mwaka 1958 taarifa ya watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaenda karibu maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: uvimbe huu mnao? Penye joto na mvua ulikuwepo. Penye miinuko na baridi haukuwepo. Ni ramani ya mbu, kwa maneno mengine, na leo tunajua malaria ya mara kwa mara inashirikiana na EBV kumletea mtoto ugonjwa huu.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein akawa miongoni mwa waliosikiliza. Ndipo vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hawakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na sampuli ilipofika London ilikuwa na maji ya ukungu vilevile. Mtu mwingine angeitupa akidhani imeoza. Waliitazama, wakakuta chembe za limfoma zinaelea zenyewe, hai, tayari kukuzwa. Februari 1964, kwenye hadubini ya elektroni, kirusi kikaonekana.

Taarifa ya mwaka huo iliandikwa na watu watatu: Epstein, Achong na Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa na utaalamu wa hadubini ya elektroni. Kirusi kikabaki na majina mawili, kwa sababu chembe zilizokuzwa zilikuwa zimeandikwa EB.

"Aliyekaa kwenye mashine ndiye aliyesahauliwa," Mzee akasema, akamalizia chai yake. Umeme ulirudi saa kumi.

Wiki ya 2

Kuchagua praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR mahali pa kuanza kunakili. Kipande cha kirusi ambacho wengi hupenda kukinakili kipo sehemu iitwayo BamHI-W, na uzuri wake ni kwamba hurudiwa mara kadhaa ndani ya jenomu moja, hivyo kipimo kinanusa hata kirusi kidogo sana. Ubaya ni huohuo. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya kirusi na kirusi, kwa hiyo ukitaka kujua kiasi unahesabu madoa badala ya ng'ombe. Sisi tunataka kiasi. Tumechukua jeni ya BALF5, inayotengeneza kimeng'enya cha kunakili DNA ya kirusi: ipo mara moja tu, na haibadilikibadiliki.

Nimemtuma kijana alinganishe praima zetu na EBV aina ya 1 na ya 2. Aina ya 2 ni ya kawaida zaidi Afrika kuliko Ulaya, na vipimo vingi vilibuniwa kwa kutazama B95-8, kirusi cha aina ya 1 kilichotoka kwa mgonjwa wa Marekani na kukuzwa katika chembe za nyani mdogo. Zimelingana zote mbili. Afueni.

Jambo jingine lililonichukua siku mbili ni urefu. Friza ina praima za zamani za kipande chenye herufi zaidi ya 250, na nilitaka kuzitumia ili kubana matumizi. Lakini DNA inayoelea kwenye plazima imekatikakatika. Nyingi ni vipande vifupi vya kama herufi 160 hivi, vilivyomwagwa na chembe zinazokufa. Kipimo kinachodai herufi 250 kitaviruka vyote kikisema hakuna kitu. Tumeagiza kipande kisichofika herufi 100. Mhasibu amenuna.

Wiki ya 3

Ngazi ya vipimo, yaani DNA ya kiasi kinachojulikana, iliyopunguzwa hatua kwa hatua, ya kulinganishia sampuli. Tumepewa na maabara rafiki DNA ya Namalwa, chembe za limfoma ya Burkitt zinazokuzwa duniani kote, na sababu ya kuzipenda ni hesabu yake nyepesi: kila chembe ina nakala mbili za EBV zilizoshonwa ndani ya kromosomu. DNA ya chembe moja ya binadamu ina uzito wa pikogramu 6.6 hivi, basi kila pikogramu 3.3 ni nakala moja. Nanogramu 33 ni nakala 10,000. Kijana alifurahi kuliko siku niliyomwonyesha mashine.

Nilimwonyesha pia orodha ya chembe nyingine za aina hii zilizoko kwenye mafriza ya dunia. Raji, za mtoto wa Nigeria, mwaka 1963. Na Daudi. Akacheka: "Daudi? Daudi huyuhuyu?" Huyuhuyu. Zilitoka kwa mvulana wa miaka 16 wa Kenya mwaka 1967. Kuna mabingwa wa kinga kule Ulaya na Marekani wanalitaja jina hilo kila siku kazini bila kufikiri kwamba ni jina la mtu, tena la jirani.

Jaribio la kwanza: vibaya. PCR huongeza DNA maradufu kila mzunguko mpaka mashine iione, hivyo iliyo nyingi huonekana mapema; ukiipunguza mara kumi, mashine inapaswa kuchelewa mizunguko 3.32 kuiona. Yetu ilichelewa 3.9, maana yake kila mzunguko unanakili asilimia 80 tu ya kilichopo. Nimelaumu kimeng'enya, nimelaumu praima, nimelaumu joto. Mzee akaja, akatazama kijana anavyochanganya tyubu kwa kuipigapiga na kidole mara mbili, akasema neno moja: "Tikisa."

Alhamisi tumerudia kwa kutikisa kila hatua na kubadilisha ncha za pipeti kila mara. 3.4. Hiyo ni asilimia 97. Kiwango cha kimataifa cha Shirika la Afya Duniani, kilichopitishwa mwaka 2011, tutakitumia baadaye kubadili nakala zetu kuwa vipimo vya kimataifa, ili namba yetu na ya maabara ya nchi nyingine ziweze kuzungumza. Kwa sasa Namalwa inatosha.

Wiki ya 4

Wiki mbaya. Kisima cha maji matupu, yaani kitundu cha sahani ya PCR ambamo hatukuweka chochote ila maji, kimewaka kwenye mzunguko wa 36, kana kwamba kina EBV.

Jumanne kimewaka tena. Jumatano visima viwili.

Tumebadilisha maji. Tumebadilisha kimeng'enya. Tumefuta meza kwa jiki, tumewasha taa ya urujuanimno usiku kucha. Ijumaa bado. Nikaanza kushuku mate. EBV hutoka mdomoni mwa watu wazima wenye afya, kwa vipindi, bila wao kujua, na sisi ni watu wa maneno mengi: tunafungua tyubu huku tunabishana habari za mpira. Nikaomba kila anayeingia chumba kile ateme mate kidogo kwenye tyubu, kwa hiari, tupime. Kati yetu wote ni Mzee aliyewaka, na aliwaka sana: mzunguko wa 24. Vicheko havikuisha siku hiyo. Alituambia anajisikia mzima kama kigogo, na ni kweli, ndivyo kirusi hiki kilivyo.

Nilimsimulia kisa cha fundi wa maabara ya watafiti akina Henle kule Philadelphia. Damu yake ilikuwa haina kingamwili za EBV, kwa hiyo walikuwa wakiitumia kama mfano wa asiyenacho. Mwaka 1967 akaugua ile homa ya tezi inayowapata vijana wa Ulaya na Marekani, mononukliosisi, na aliporudi kazini damu yake ilikuwa imejaa kingamwili. Ndivyo ilivyogunduliwa kwamba EBV ndicho kisababishi. Mzee alikipenda kisa hicho kupita kiasi. Alikirudia kwa mlinzi wa getini.

Lakini hayakuwa mate. Tulijua Jumamosi, kijana alipouliza kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, hilo koti lako unalivaa vyumba vyote viwili?"

Nilikuwa nafungua tyubu za Namalwa, zenye nakala 100,000, katika chumba cha sampuli, halafu naingia chumba safi kuchanganya dawa nikiwa na koti lilelile na kalamu ileile mfukoni. Sheria ya kwenda upande mmoja tu, kutoka chumba safi hadi kichafu, bila kurudi, niliiandika mimi mwenyewe na kuibandika ukutani. Nimenunua makoti mawili ya rangi tofauti kwa fedha yangu. La bluu halitoki chumba safi.

Wiki ya 5

Visima vya maji: baridi, siku tano mfululizo. Hakuna zaidi.

Wiki ya 6

Kibali cha maadili kimefika. Sampuli zinaingia kwa namba, bila jina, wazazi wakiwa wameelezwa na kutia saini au alama ya dole gumba.

Fungu la kwanza kutoka wodini lilipofika tulijiandaa kama watu wa harusi. Matokeo: sufuri. Sampuli zote, pamoja na za watoto wawili ambao daktari anaapa ni Burkitt. Na siyo EBV tu iliyokosekana. Katika kila sampuli tunaongeza kabla ya kusafisha kiasi kidogo cha kirusi cha herpes cha sili, yule mnyama wa bahari za baridi, ambacho hakiwezi kuwemo kwenye damu ya mtoto wa Kanda ya Ziwa. Kazi yake ni ushahidi: kisipoonekana, kipimo kimekufa, usiamini sufuri yako. Hakikuonekana.

Nikashuka wodini. Trei ya tyubu: vifuniko vya kijani. Vya zambarau viliisha, na dada wa zamu akatumia alivyonavyo, kwa nia njema kabisa. Kijani ni heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo hunata hadi mwisho wa usafishaji na kukizuia kimeng'enya cha PCR kisifanye kazi. Zambarau ni EDTA, ya kazi hiyohiyo ila isiyotusumbua. Sikugomba. Ni mimi niliyeandika kwenye fomu "tyubu ya damu" bila kusema rangi. Fomu mpya ina duara la zambarau lililopakwa kwa kalamu ya rangi, moja moja, kwa mkono.

Bila sili yule tungempelekea daktari sufuri kumi na moja na tungempotosha.

Wiki ya 7 na ya 8

Sampuli za zambarau. Kipimo kinafanya kazi. Na sasa lile swali la wino mwekundu limerudi kudai haki yake.

Watoto wenye uvimbe wanaonyesha EBV nyingi kwenye plazima. Vizuri. Lakini tulichukua pia, kwa kibali hichohicho, plazima ya watoto waliolazwa kwa malaria bila uvimbe wowote, na baadhi yao wanayo pia. Siyo chembe mbili tatu. Mmoja amempita mtoto mmoja mwenye uvimbe wa taya.

Hatujagundua jipya hapa. Mwaka 2005 watafiti walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria ni ya mwaka mzima, na watoto wa Nandi, milimani, ambako huja kwa nadra. Watoto wadogo wa Kisumu walikuwa na EBV nyingi zaidi kwenye damu. Malaria huzisisimua chembe B, na chembe B zikisisimka mgeni wetu naye huamka. Nilikuwa nimeisoma taarifa hiyo kabla hatujaanza, nimeipigia mstari hata. Kusoma ni kusoma, lakini kumwona mtoto wa malaria kwenye kioo cha mashine amekaa juu ya mtoto wa saratani kunakukalisha chini.

Daktari alikuja na swali lake moja kwa moja: "Huyu wa kitanda cha dirishani, anayo au hana?"

"Anayo. Wengine pia wanayo."

"Sasa nikaandike nini kwenye faili?"

Nikamwambia aandike kwamba kipande cha uvimbe kiharakishwe, kwa sababu mpaka leo anayesema neno la mwisho ni hadubini: chembe zilizosongamana, nafasi nyeupe kati yake kama nyota angani, na kipimo cha EBER kinachotia rangi RNA ndogo za kirusi ndani ya kiini cha chembe ya saratani yenyewe. Kipimo hicho hakiulizi kama kirusi kipo mwilini. Kinauliza kama kipo ndani ya uvimbe. Akaondoka bila kukasirika, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angekasirika.

Chaguo la kwanza ni kuweka mpaka: juu ya namba fulani shuku Burkitt, chini yake usishuku. Tutauweka, tukipata sampuli za kutosha, lakini mpaka utaacha watoto pande zote mbili. Mimi nataka kuuliza swali tofauti. DNA hii imetoka wapi? Kirusi kinapoamka kwa kawaida hutengeneza virusi kamili, na DNA yake husafiri ndani ya ganda. Uvimbe hautengenezi virusi, au hutengeneza kwa nadra sana. Chembe zake zinapokufa humwaga DNA tupu, iliyo uchi. Kimeng'enya cha DNase hula DNA iliyo uchi na kushindwa kupenya ganda. Pima plazima kabla ya DNase na baada yake. Kinachopotea kilikuwa uchi.

Katika saratani ya koromeo la pua inayosababishwa na EBV wameshaonyesha kwamba iliyomo kwenye plazima ni vipande vitupu. Kwa watoto wetu wa malaria sijui nitakuta nini, na ndiyo maana natamani kuijua.

Wiki ya 9

DNase haikufanya kazi. Tuliweka DNA ya Namalwa, uchi kabisa, ndani ya plazima, tukaweka kimeng'enya, na DNA ikabaki yote.

Nimekaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa. EDTA! DNase haifanyi kazi bila magnesi, na EDTA ya tyubu za zambarau, zilezile nilizozidai kwa duara la rangi, inaikamata magnesi yote. Heparini huua PCR, EDTA huua DNase. Usipokanyaga mwiba utakanyaga msumari.

Dawa ni kuongeza madini hayo hadi yaizidi EDTA. Kijana akachukua chupa ya kimiminika kilichokuja pamoja na kimeng'enya, akaongeza kipimo kikubwa, akaweka kwenye nyuzi 37. Baada ya nusu saa tukatoa tyubu: maziwa mgando. Plazima yote imeganda, ukipindua haimwagiki. Kimiminika kile kina kalsi pia, na kalsi ndiyo EDTA iliyokuwa ikiizuia ili damu isigande. Tulikuwa tumeirudishia damu ruhusa ya kuganda, nayo ikaganda. Kijana aliomba radhi. Nikamwambia apige picha, ni somo zuri la fiziolojia.

Alhamisi: magnesi peke yake, bila kalsi. Plazima imebaki maji. DNA ya Namalwa imetoweka, mashine imefika mzunguko wa 45 bila kuiona. Kimeng'enya kinakula.

Sasa tunahitaji upande wa pili, mfano wa EBV iliyo ndani ya ganda, ili tuhakikishe DNase haili kila kitu. Kununua virusi vya B95-8 kutachukua miezi na mhasibu bado amenuna. Kijana ndiye aliyesema, huku akitazama sakafu: "Mwalimu, mate ya Mzee?"

Mate ya mtu anayetoa EBV yana virusi kamili, maana ndivyo vinavyoambukizwa. Tena mate yenyewe yana vimeng'enya vya kula DNA, kwa hiyo kilichosalimika humo kina uwezekano mkubwa wa kuwa na ganda. Nikaenda kumwomba Mzee kwa heshima zote. Akaniuliza kama nakumbuka nilivyocheka wiki ya nne.

Wiki ya 10

Jumatatu. Mate ya Mzee: mzunguko wa 25 bila DNase, 26 na DNase. Karibu nusu imekwenda, nyingine imekaa. Ganda linalinda.

Jumanne. Sampuli mbili za kwanza, zilizogawanywa nusu kwa nusu. Yule wa kitanda cha dirishani: kabla ya DNase mzunguko wa 27, baada yake hakuna kitu. Mtoto wa malaria aliyekuwa juu yake: imeshuka, lakini haikuisha. Naandika polepole ili mkono usikimbie. Ni watoto wawili. Sampuli ya malaria ilikaa kwenye friza wiki mbili zaidi, na kuganda na kuyeyuka kunaweza kupasua maganda au kufanya mengine nisiyoyahesabu. Hatumwambii daktari chochote kutokana na namba hizi, na nimemwambia hivyo mwenyewe alipochungulia mlangoni.

Jumatano. Majibu ya hadubini ya mtoto wa dirishani yamefika: Burkitt, EBER chanya. Alikuwa ameshaanza dawa siku nne kabla, daktari hakungoja. Dada wa zamu anasema amekula uji leo.

Alhamisi. Nimepanga sahani ya kesho: watoto sita wa uvimbe, sita wa malaria, wote plazima mbichi ya asubuhi, isiyopita kwenye friza. Visima vitatu vya maji. Namalwa ya kuliwa na mate ya kubaki. Koti la bluu limefuliwa.

Mzee ameambiwa atoe mate kabla ya kupiga mswaki. Amekubali, kwa sharti. Nilipomuuliza ni lipi, akanionyesha ukurasa wa wiki ya kwanza, pale nilipoandika habari za Achong, akasema: "Ukichapisha, majina yawe matatu." Nimeandika jina lake kwenye jalada la daftari, kwa wino mwekundu, nikamwekea tyubu tupu mezani kwake.